Msumari wa Mama Chapa

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama yangu, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: dirisha la Mama Chapa lilifungwa kwa sababu yangu. Wengi mnaamini lilifungwa kwa kuwa alitoa jibu baya. Hakutoa jibu baya. Nimejaribu kuandika ukurasa huu mara tatu bila kulitaja jambo hili, na mara zote tatu kalamu imekwama kwenye aya ya pili. Kwa hiyo naliweka hapa juu, lisije likaningoja mbele, kisha naanza jinsi wasifu wa mstaafu unavyopaswa kuanza.

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, mpiga chapa wa shule yetu, tunayemwita Mama Chapa, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku tisa. Hizo siku tisa amezisisitiza mwenyewe. Nilipomwambia kwamba ningeandika "zaidi ya miaka thelathini na mitatu", alinitazama juu ya miwani.

"Mwanangu," alisema, "'zaidi ya' ni maneno ya mtu asiyehesabu."

Basi nimehesabu.

Hii pia ni programu ya kwanza ya sherehe ya shule kwa muda wote huo ambayo hakuipiga yeye. Tunaipiga sisi wanafunzi wa jarida kwenye chumba cha kompyuta, mlango umefungwa, mmoja wetu akilinda koridoni asije akatokea. Makosa mtakayoyaona ni yetu, na tunajua nani atayaona kwanza.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na saba, cheti cha kidato cha nne, na cheti kingine kinachosema anaweza kupiga maneno hamsini kwa dakika. Chumba alichopewa ndicho alichonacho mpaka leo, kati ya stoo ya chaki na ofisi ya Mwalimu wa Taaluma. Kina meza moja, kabati la chuma la droo nne, kiti chenye mto alioushona mumewe, na dirisha dogo la mbao lililokuwa likifunguka upande wa korido. Humo amepiga mitihani, ripoti, barua za kuwaita wazazi, barua za kuwapongeza wazazi, ambazo ni chache, na hotuba za wakuu wa shule watano. Kompyuta ilipoletwa alijifunza kwa wiki tatu, akahamishia mitihani huko. Barua bado hupigwa kwa mashine, kwa agizo la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta, na kila moja hubaki na nakala ya kaboni ndani ya faili.

Madarasa ya upande ule hujua mambo ya shule kwa mlio. Mashine ikilia haraka bila kupumzika, ni barua. Ikinyamaza kwa muda mrefu, ujue Mama Chapa anajaribu kusoma mwandiko wa mwalimu wa jiografia.

Lakini hakuna atakayemkumbuka kwa barua. Tutamkumbuka kwa msumari.

Ulianza katika mwaka wake wa tatu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alimsogezea karatasi dirishani akiuliza jambo la Kiingereza. Mama Chapa alikuwa anapiga mtihani wa hisabati na hakutaka kupoteza mstari. Alimaliza, akaichukua ile karatasi, akapiga jibu chini ya swali, akaitundika kwenye msumari uliokuwa nje ya dirisha kwa ajili ya kifutio cha ubao. Kesho yake alikuta karatasi tatu. Wiki iliyofuata kifutio kilihamishwa.

Kanuni zake zilikuwa nne na kila aliyepita hapa anazijua. Usiandike jina. Usisimame dirishani kuongea, mashine haisikii watu wawili. Chukua karatasi yako, ya mwenzako iache, kanuni ambayo haikuwahi kufuatwa hata siku moja. Na ya mwisho: nakala za maswali zinakaa kwenye faili lake, na faili hilo halifunguliwi na mtu mwingine.

Maswali yalikuwa yale yale mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa sisi ni wale wale. Tunasema kuazima kwa anayetoa na anayepokea, kwa hiyo kila Januari mtu aliuliza lini aseme "borrow" na lini aseme "lend". Jibu lake nimelikuta kwenye karatasi kuukuu zaidi ya moja: "Kitu kikija kwako, la kwanza. Kikitoka kwako, la pili. Kisiporudi, hilo si swali la Kiingereza." Tunasema yeye kwa kila binadamu, kwa hiyo baba zetu katika insha hugeuka wanawake aya moja na kurudi kuwa wanaume aya inayofuata. Tunasema vidole tu, vya mkono na vya mguu, na kuna kaka mmoja wa miaka ya nyuma aliyeandika kwenye mtihani kwamba alipiga hodi kwa kidole cha mguu. Mama Chapa alimjibu: "Inawezekana. Lakini ungeeleza mikono ilikuwa na nini."

Swali gumu kuliko yote ni lile la "a" na "the", vineno viwili ambavyo Kiswahili hakikuwahi kuvihitaji. Walimu watatu wamenieleza kwa kanuni na mishale ubaoni. Yeye alinieleza kwa mistari miwili: "Mbwa usiyemjua ni 'a dog'. Mbwa huyo huyo akishakukimbiza jana, leo ni 'the dog'." Sijakosea tena. Mimi naogopa mbwa, na vitu ninavyoviogopa huvikumbuka vizuri.

Kuna jibu moja ambalo nililikunja nikaliweka ndani ya jalada la kamusi yangu. Mwalimu wetu wa kidato cha kwanza alikuwa ameuliza darasa kwa Kiingereza kama hatujamaliza zoezi. Sote kwa pamoja tukajibu "yes", tukiwa na maana ya ndiyo, hatujamaliza. Akaelewa tumemaliza, akakusanya madaftari, na nusu ya darasa ikapata sifuri. Niliandika karatasi kuuliza tulikosea wapi. Mama Chapa alieleza kwamba sisi tukiulizwa hivyo tunamkubalia mtu, na Waingereza hulijibu tendo lenyewe. Chini yake akaongeza: "Neno moja linateleza. Ukiwa na hofu, sema sentensi nzima."

Mimi nina hofu karibu kila siku. Wanaonijua wanajua siongei darasani. Msumari ule ulikuwa mdomo wangu. Kwa mwaka mmoja na miezi minne niliutundikia karatasi mia moja na nne, na sikuwahi kubadilishana naye maneno zaidi ya "Shikamoo" na "Marahaba".

Hakuwa mwalimu, na hakuwahi kujifanya mwalimu. Mtu akimwita hivyo alijibu, "Mwalimu yuko chumba cha pili, mimi napiga chapa." Alikijua Kiingereza kwa sababu makosa ya shule nzima yalipita kwenye vidole vyake, na hakuwahi kumcheka mtu hata mmoja kwa hayo makosa. Mkuu wetu wa shule aliwahi kusema mbele ya wazazi kwamba kama Mama Chapa angeumwa wiki mbili, shule ingelazimika kuwa bubu. Watu walicheka. Mama Chapa alikuwa nyuma kabisa akigawa programu, na nadhani hakusikia.

Sasa nieleze dirisha.

Mei mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilichaguliwa kusoma hotuba ya kuwakaribisha wageni kutoka ofisi ya elimu. Nilichaguliwa kwa sababu ya insha zangu, na hakuna aliyeniuliza kama naweza kusimama mbele za watu. Mama alifurahi mpaka akapiga pasi sare yangu mara mbili. Mwalimu wa Taaluma alikuwa ameshawaambia wageni kwamba shule yake haina mpinzani kwa Kiingereza.

Hotuba niliiandika mwenyewe. Sentensi moja tu ilinitia wasiwasi, ile ya kuwaambia wageni pole na safari. Jumanne niliandika karatasi: je, naweza kumwambia mgeni "sorry" kwa ajili ya safari yake? Jumatano mapumziko nikaenda nayo koridoni. Pale msumarini palikuwa na kaka wanne wa kidato cha nne wanasoma karatasi za watu kwa sauti.

"Hebu sikia huyu! Huyu naye ametoka wapi?" mmoja alisema, na wenzake wakaegemea ukuta kwa kucheka.

Nikaiona akilini karatasi yangu ikiwa mkononi mwao, kabla hata sijaitundika. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaisokomeza ndani ya soksi, nikarudi darasani. Alhamisi mbele ya shule nzima na wageni kumi na mmoja, nilisoma nilivyoandika: kwamba sisi sote tuna "sorry" kubwa kwa safari yao.

Tukisema poleni na safari tunampokea mtu pamoja na uchovu wake. Kiingereza hakina mlango huo. Ilisikika kama shule nzima inawaomba radhi wageni kwa sababu wamefika. Mgeni rasmi akageukia wenzake, akasema kwa Kiswahili, na kipaza sauti kikiwa mbele yake, "Jamani, kwani safari yetu imekuwa msiba?"

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Sikumbuki nilimalizaje. Ninachokumbuka ni Mwalimu wa Taaluma kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, hacheki.

Wageni walipoondoka aliniita. Alikuwa amesimama nyuma ya meza.

"Hotuba hii nani ameipitia?"

Nilianza kuikunja hotuba mkononi.

"Nakuuliza. Sentensi ile umeitoa kule msumarini, au siyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja. Nililisema kwa sababu alilileta yeye mwenyewe na lilikuwa karibu, kama mtu anayeanguka anavyoshika chochote. Akagonga ukuta mara mbili, jinsi anavyomwita Mama Chapa siku zote. Mama Chapa akaingia, vidole vyeusi kwa kaboni.

"Mtoto huyu anasema sentensi ile umempa wewe," Mwalimu wa Taaluma alisema.

Mama Chapa akanitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa tena, akanitazama tena. Sakafuni palikuwa na kipande cha chaki kilichokanyagwa. Mimi nilitazama chaki.

"Amesema ni mimi?"

"Ndivyo alivyosema. Au namsingizia?"

"Basi kama amesema ni mimi, ni mimi."

"Lete faili la wiki hii nione ulichomwandikia."

"Faili silileti, mwalimu."

"Hii ni amri, mama."

"Nimeisikia. Lakini watu wameandika humo wakijua hakuna atakayewasoma. Niandikie barua ya onyo, mwalimu. Nitaipiga."

Akaiandika. Mpiga chapa ni mmoja tu shuleni, kwa hiyo Mama Chapa akaipiga: barua ya kumwonya yeye mwenyewe kwa kujibu maswali ya lugha bila kibali na kuiaibisha shule. Nilikuwa koridoni nikisubiri kuruhusiwa. Mashine ililia haraka bila kusita, kama inavyolia kwa barua yoyote. Ijumaa asubuhi fundi seremala alikuja na ubao na misumari mirefu, akaliziba dirisha; msumari wa karatasi akauacha pale pale, mtupu.

Nyumbani mama aliniuliza, "Ehe, hotuba ilikwendaje?"

"Vizuri," nikasema. Neno moja lingine.

Tangu hapo ni mwaka mmoja na nusu. Kwa muda wote huo nimezunguka nyuma ya vyoo ili nisiipite korido ile. Nikisikia ukuta unagongwa mara mbili, hata wa darasa jingine, nadhani naitwa mimi. Yeye, tukikutana, alinijibu "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ile ile ya zamani. Afadhali angeninunia. Mtu anayekununia unajua umefika naye wapi. Nilihofia kila siku kwamba leo ndipo atakaposema, na kila siku hakusema.

Mwezi uliopita mlezi wa jarida aliniita na kuniambia niandike wasifu huu, kwa kuwa eti nina mkono mzuri. Nilitaka kukataa. Kukataa kungehitaji sababu.

Nilianza kwa tarishi wa ofisi, ambaye amekaa na Mama Chapa miaka ishirini na anajua hata siku ambazo alichelewa, yaani mbili.

"Andika yote, binti," aliniambia, "ila cheti usikitaje."

"Cheti gani?"

"Cha Utumishi Mwema. Hapati. Ana barua ya onyo, na kanuni inasema ukiwa na barua ndani ya miaka mitatu ya mwisho unapewa mkono tu. Mkono na soda."

"Yeye anajua?"

"Kanuni zenyewe si kazipiga yeye?"

Kisha nilikwenda nyumbani kwao Jumamosi, kuchukua habari za familia. Mumewe ni fundi cherehani na hupenda kusema kwamba ndoa yao ni ya mashine mbili, moja inaharibu karatasi na nyingine inaharibu vitambaa. Alinionyesha chumba chake cha kazi. Juu ya cherehani, kwenye ukuta mtupu, palikuwa na msumari mpya, na juu ya meza fremu ya kioo ikiwa bado ndani ya mfuko.

"Hapo ndipo kitakapokaa cheti cha mke wangu," alisema. "Nimepima kwa futi yangu hii. Kisiwe juu sana, wateja wasome wakiwa wanapimwa."

Mama Chapa alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alinimiminia kikombe, akaniambia nijihadhari, bado ya moto. Niliinywa hivyo hivyo.

Hajamwambia mumewe. Nilielewa hapo. Kwa mwaka mmoja na nusu kila mmoja wetu amekuwa na nyumba ambamo hajasema jambo lile lile.

Jumatatu alinipa funguo za kabati nitafute tarehe za kazi zake kwenye faili la barua. Nilizipata. Nilipata pia rasimu ya barua ya onyo kwa mkono, ikiwa na makosa matatu madogo ambayo yeyote huyafanya akiwa na hasira, na nyuma yake nakala safi ya kaboni. Yote matatu ameyasahihisha.

Faili la maswali lilikuwa droo ya chini. Najua kanuni ya nne. Nililifungua, na hilo ni kosa langu la pili katika habari hii. Nilikwenda moja kwa moja kwenye wiki ile ya Mei, ingawa njiani nilipita maswali ambayo wenyewe nawatambua, mengine ya watu wazima, na sitasema zaidi ya hapo kwa sababu yeye hakusema. Juu ya kila ukurasa huwa anapiga tarehe na idadi ya maswali. Jumatano ile: maswali sita. Langu halimo. Chini kabisa, kwa tarehe ya Alhamisi, siku ya hotuba, kuna mstari mmoja: "Swali la pole na safari: halikuletwa."

Alikuwa amekagua. Alikuwa na ushahidi ndani ya droo, hatua sita kutoka pale tuliposimama, na akauacha humo ili wengine wote wasisomwe. Mimi pia nilikuwa ndani ya faili hilo, mara mia moja na nne.

Mama Chapa, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa miaka thelathini na mitatu, pamoja na wale wazee na mama zetu waliokuwa wanafunzi wako kabla yetu, asante. Asante kwa mbwa aliyenifundisha vineno viwili. Asante kwa kutuchekesha bila kutucheka. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, macho yasiyochoka, na nyumba ambamo kuanzia sasa mashine moja tu ndiyo itakayopiga kelele. Uwe na raha kwa miaka mingi, ukiihesabu mpaka siku zake.

Maneno hayo niliyaandika Jumatatu jioni. Niliyasoma, nikaona ni ya kweli lakini mimi sina haki ya kuyatia saini.

Leo Jumanne, kabla ya kengele ya kwanza, nimekwenda kwa Mkuu wa Shule nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuandika kitu.

"Barua ile si yangu," alisema. "Aliyeiandika ndiye anayeweza kuifuta, na sijui kama atataka. Andika maelezo, yapigwe chapa, umpelekee mwenyewe."

"Yapigwe na nani, mwalimu?"

"Kwani tuna wapiga chapa wangapi?"

Niliandika nusu ukurasa nimesimama koridoni. Dirisha lina ubao, kwa hiyo niliingia kwa mlango, mara ya kwanza katika miaka mitatu kuingia wakati mwenyewe yupo. Nilimpa karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, akaiweka pembeni ya mashine, akakaza karatasi safi, akaanza kupiga. Katikati alisimama.

"Hapa umeandika 'niliogopa' tu. Uliogopa nini?"

Nikamwambia: niliogopa kuchekwa, niliogopa barua ya kumwita mama yangu, na baadaye niliogopa uso wako zaidi ya vyote viwili. Akayapiga kama nilivyosema. Akanipa kalamu nitie saini, na nikaandika jina langu kamili. Ni karatasi ya kwanza iliyotoka chumba kile kwangu ikiwa na jina.

Nilibisha kwa Mwalimu wa Taaluma. Niliweka maelezo mezani, na juu yake ile karatasi ya Jumanne ya Mei, ambayo imekaa ndani ya kamusi yangu tangu niitoe kwenye soksi. Nikasema, nikimtazama yeye na si sakafu, "Mwalimu, Mama Chapa hakunipa sentensi ile, mimi sikumuuliza kabisa, na nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa."

Alisoma mara mbili. Akanyanyua ile karatasi ndogo kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Hiyo ndiyo karatasi ambayo sikuipeleka, mwalimu."

"Toka nje. Ungoje."

Nilingoja kwenye benchi. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza. Akatoka na karatasi aliyoiandika kwa mkono, ameikunja mara tatu.

"Mpelekee aipige. Usiifungue."

Sikuifungua. Inaweza kuwa barua yake, inaweza kuwa barua yangu, inaweza kuwa zote mbili. Nilimkabidhi Mama Chapa. Aliikunjua, akaisoma, na uso wake haukuniambia kitu. Akachukua kalamu, akasahihisha mahali pamoja. Akaweka karatasi mbili na kaboni katikati, akazikaza.

"Nenda darasani, mwanangu," alisema. "Kengele ikilia, pita msumarini."

Nilitoka. Nyuma yangu mashine ilianza kulia, haraka, bila kupumzika. Nilipita korido yote bila kuzunguka, nikabisha darasani, nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikakaa, nikafungua daftari langu la Kiingereza ukurasa wa nyuma, nikaandika sehemu hii ya mwisho. Kengele bado haijalia.